Jina lile lile, mashine nyingine: namna ya kusoma malalamiko ya laptopu mpya ukiwa Mbeya

Kila kampuni inapotoa toleo jipya la laptopu yake, wanunuzi wa Marekani na Ulaya hulalamikia mambo mawili: bei imepanda, na kilichobadilika hakionekani. Malalamiko hayo husafiri haraka. Yakifika Mwanjelwa ya Mbeya au Miomboni ya Iringa yameshakuwa hukumu: "Hiyo mpya haina kitu, chukua ya mwaka juzi." Mara nyingine hukumu hiyo ni sahihi kabisa, na mara nyingine humtia mtu hasara ya laki kadhaa. Inategemea mlalamikaji alikuwa anapima nini.

Huku nyanda za juu kusini malalamiko hayo yana faida ambayo mlalamikaji mwenyewe hakuikusudia. Laptopu nyingi zinazouzwa Mbeya, Iringa na Njombe hazikutoka kiwandani mwaka huu. Zilinunuliwa na ofisi za ng'ambo, zikatumika miaka 3 hadi 5, zikauzwa kwa mafungu, nyingi zikapitia Dubai, zikashuka Kariakoo, kisha zikapandishwa basi kuvuka Kitonga. Maana yake, kelele alizopiga mnunuzi wa London mwaka 2019 ndizo maelezo ya mashine iliyopo leo kwenye kabati la kioo pale Kabwe. Aliyezipiga ameshasahau, lakini wewe ndiye unayetaka kutoa pesa sasa.

Toleo jipya linapopunguza badala ya kuongeza

Chukua ThinkPad za Lenovo za mfululizo wa T, ambazo zimejaa kwenye maduka yetu ya mitumba. T480 ilitoka mwaka 2018. Ina sloti 2 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), na ina betri mbili: moja ndogo ndani, ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), na nyingine ya nje unayoichomoa kwa kusukuma vibanio viwili chini ya mashine. Hiyo ya nje ilitolewa kwa ukubwa wa Wh 24, 48 au 72. Umeme ukikatika, unachomoa iliyoisha na kupachika iliyojaa bila kuzima kazi, kwa sababu ile ya ndani inashikilia mashine.

Mwaka 2019 ikaja T490. Ni nyembamba zaidi na nyepesi zaidi. Betri ya nje imeondolewa, imebaki moja ya ndani ya Wh 50. Sloti moja ya RAM nayo imeondolewa: kiasi fulani cha RAM kimechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine), na imebaki sloti moja tu. Wanunuzi walilalamika sana, na walikuwa na haki. Lenovo iliendelea na mtindo huo miaka kadhaa, mpaka T14 Gen 5 ya mwaka 2024 iliporudisha sloti 2 za RAM.

Sasa angalia inavyokuwa dukani. Muuzaji anakuwekea T480 na T490 mezani, anakwambia ya pili ni mpya zaidi kwa hiyo ongeza laki na nusu. Kwa fundi wa simu wa Mafinga anayehitaji mashine ya kukaa saa nyingi bila umeme, au mwanafunzi anayepanga kuongeza RAM kidogo kidogo, T480 nzima ni bora kuliko T490. Upya wa T490 una faida kwa mtu anayebeba mashine mgongoni kila siku, basi.

Jambo la namna hiyo linajirudia kwa Dell. Latitude 5420 na Latitude 7420 ni za mwaka mmoja, 2021, na kwa mbali zinafanana. Zilipokuwa mpya 7420 ilikuwa ghali zaidi, kwa kuwa ni nyepesi na imetengenezwa kwa ajili ya mabosi. Lakini RAM ya 7420 imechomelewa yote. Ukiinunua ikiwa na GB 8, itabaki na GB 8 mpaka siku unayoiaga. 5420 ina sloti 2 za RAM ya aina ya DDR4 unazoweza kuzijaza utakavyo. Ukikuta mawinga wa Kariakoo wanakusifia 7420 kwa sababu "ndiyo ya juu", wanasema kweli kuhusu bei yake ya zamani, ila bei hiyo ya zamani haikusaidii wewe chochote.

Namba ya prosesa: hapa ndipo wengi wanapigwa

Malalamiko ya "hakuna kilichobadilika" mara nyingi hutokea kwenye prosesa, na mara nyingi ni ya kweli. Tazama i5 za Intel za laptopu za kawaida. i5-1235U ya mwaka 2022 ina viini 10: viwili vikubwa na vinane vidogo. i5-1335U ya mwaka 2023 ina viini 10, viwili vikubwa na vinane vidogo. Mwaka 2024 Intel ikaondoa herufi "i" kwenye jina, ikaja Core 5 120U. Ina viini 10, viwili vikubwa na vinane vidogo. Kilichopanda ni kasi ya juu kabisa, kutoka GHz 4.4 hadi 4.6 hadi 5.0, kasi ambayo mashine nyembamba huifikia kwa sekunde chache tu kabla joto halijairudisha chini. Kwa mtu wa Word, Excel na mtandao, mashine hizo tatu ni mashine moja. Ukiona ya 2022 iko chini kwa laki mbili na nusu, na vingine vyote viko sawa, chukua ya 2022 bila kusita.

Lakini kuna kuruka ambako si kwa maneno tu. Kizazi cha 8 cha Intel, kilichoanza 2017, kiliongeza viini vya i5 za laptopu nyembamba kutoka 2 hadi 4. i5-7300U ina viini 2, i5-8250U ina viini 4. Na kizazi hicho hicho cha 8 ndicho mpaka wa Windows 11: chini yake, Microsoft haikubali, isipokuwa prosesa chache mno. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mstari kati ya 7 na 8 ndio mstari muhimu kuliko yote kwa mnunuzi wa mtumba leo.

Mtego uko hapa. T480 na HP EliteBook 840 G5 zote zinajulikana kama mashine za kizazi cha 8, na fundi yeyote atakwambia hivyo. Lakini zote mbili ziliuzwa pia zikiwa na prosesa za kizazi cha 7, kama i5-7300U, kwa ofisi zilizotaka hivyo wakati ule. Mwili ni ule ule, nembo ni ile ile, kibandiko kimeandikwa i5 tu. Usisome kibandiko. Washa mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha usome mstari wa prosesa. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 7 iache, 8 endelea. Kwa namba zinazoanza na 1, kama 1135 au 1235, soma tarakimu mbili za mwanzo: 11, 12.

AMD ina fumbo lake, na hili limewaumiza hata watu wanaonunua mpya kwenye boksi. Katika Ryzen za laptopu za mfululizo wa 7000, tarakimu ya kwanza ni ya mwaka wa kuuzwa, na ya tatu ndiyo inayotaja umri halisi wa usanifu. Ryzen 5 7520U: tarakimu ya tatu ni 2, yaani Zen 2, usanifu wa mwaka 2019, viini 4. Ryzen 5 7530U: ya tatu ni 3, Zen 3, viini 6. Ni tofauti ya tarakimu moja, na dukani zote mbili zinaitwa "Ryzen 5 mpya". Tena 7520U inakubali RAM ya aina ya LPDDR5 pekee, ambayo kwenye mashine hizi huchomelewa kwenye mazabodi, kwa hiyo hakuna kuongeza. 7530U hutumia DDR4, na mashine nyingi zenye prosesa hiyo zina sloti. Kwa mwanafunzi wa chuo cha MUST anayetoa bumu lake lote kwa mashine ya miaka minne, tarakimu hiyo ya tatu ina uzito kuliko rangi, kibodi yenye taa na kila kitu kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Celeron N4020 yenye viini 2 na hifadhi ya eMMC ya GB 64 bado inauzwa ikiwa mpya kwa bei inayovutia. Tuiache. Masasisho ya Windows yenyewe yatakujazia diski ndani ya mwaka, na eMMC imechomelewa, haibadilishwi.

Bei: dola 999 si shilingi zile unazozipiga kichwani

Hakuna mashine iliyoonyesha vizuri ugomvi wa bei kama MacBook Air. Yenye M1 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 999, RAM GB 8, diski GB 256. Yenye M2 ikaja 2022 kwa dola 1,199, RAM ile ile GB 8, diski ile ile GB 256. Hapo watu wakachachamaa, na walipofungua ndani wakaongeza hasira: diski ya GB 256 ya M2 ilikuwa na chipu moja badala ya mbili, hivyo kasi yake ya kusoma ikashuka karibu nusu ya ile ya M1. Yenye M3 ya Machi 2024 ilirudisha chipu mbili, na bei ikawa dola 1,099. Oktoba 2024 Apple ikapandisha RAM ya kuanzia hadi GB 16 bila kuongeza bei. Machi 2025 ikaja yenye M4, GB 16, kwa dola 999.

Ukizipanga hivyo, unaona kwamba kulalamika kulikuwa na maana: kabla ya hapo kutoka GB 8 kwenda 16 kulitozwa dola 200. Na unaona jambo la pili, lenye faida zaidi kwa anayenunua iliyotumika. M2 ya GB 8 na 256 ndiyo iliyolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo inayoanza kujaa sokoni. M1 yenye GB 16 ikipatikana kwa bei ile ile, M1 ndiyo ya kuchukua, hata kama ile nyingine ina umbo jipya. RAM na diski za mashine hizi zote haziongezwi.

Sasa hesabu. Bei za Marekani hutangazwa bila kodi ya mauzo. Tuchukulie dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Dola 999 ni shilingi 2,497,500. Ushuru wa forodha wa kompyuta katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, lakini VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 ipo: shilingi 449,550. Jumla 2,947,050, na hapo mashine haijalipiwa usafiri, haijafika Mbeya, na mwenye duka hajapata faida. Anayemwambia muuzaji "mtandaoni nimeiona milioni mbili na nusu" analinganisha bei isiyo na kodi na bei yenye kodi. Bei za Uingereza ndizo zenye VAT ndani yake, ya asilimia 20, kwa hiyo zinalinganishika zaidi.

Kuna sababu nyingine ya mgeuko wa bei inayowagusa hata wanaonunua mtumba. Tangu mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu zimepanda bei sana duniani, kwa kuwa watengenezaji wakubwa, Samsung, SK hynix na Micron, wameelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo mafundi wengi walizoea kulinunua kwa RAM na SSD. Matokeo yake ni mawili. Toleo jipya linaweza kuja na RAM pungufu kwa bei ile ile, na hapo malalamiko ni ya haki. Na ule ushauri wa zamani wa "nunua ya GB 4, utaongeza baadaye" umepoteza nguvu. Kabla ya kulipa, uliza bei ya kipande cha RAM siku hiyo hiyo kwa fundi mwingine. Mashine yenye GB 16 tayari inaweza kuwa nafuu kuliko yenye GB 8 pamoja na kipande cha kuongeza.

Usitarajie pia kwamba toleo jipya likitoka, la zamani litashuka Mbeya wiki hiyo. Marekani maduka makubwa husafisha stoo kwa punguzo. Mwenye duka wa Uhindini amefunga mtaji wake kwenye mashine sita, alizinunua kwa dola ya siku ile, na hawezi kuziuza chini ya alivyonunua kwa sababu tu kuna tangazo California. Bei hushuka mzigo mwingine unapoingia Kariakoo.

RAM, na namna ya kuikagua bila bisibisi

Swali halipaswi kuwa "ina ngapi?" peke yake, bali "imekaaje?" Fungua kidhibiti cha kazi (Task Manager) kwa Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya utendaji (Performance), kisha kumbukumbu (Memory). Kuna mstari unaosema sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi (Slots used), na mstari wa umbo (Form factor). Umbo likiandikwa SODIMM, ni kipande kinachochomoka. Likiandikwa Row of chips, imechomelewa. Mistari hiyo miwili inamaliza ubishi wote na muuzaji.

Mashine yenye kipande kimoja cha GB 8 inasoma kumbukumbu kwa njia moja. Ukiongeza cha pili cha GB 8, unapata GB 16 na njia mbili, na picha za mashine isiyo na kadi yake ya michoro huwa nyepesi zaidi, jambo linaloonekana wazi kwa anayehariri video za harusi. Kabla ya kufungua: zima kabisa, chomoa chaja, fungua skrubu, kisha chomoa kwanza waya wa betri kwenye mazabodi. Mafundi wengi huruka hatua hiyo, na ndipo mazabodi huungua kwa bisibisi iliyoteleza. Kipande kinaingizwa kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, kisha kinabonyezwa chini mpaka vibanio vya pembeni vilie. Kisipoingia usilazimishe: DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo lililokaa mahali tofauti, na pengo lisipolingana umebeba aina nyingine. Ukiwasha na kioo kikabaki cheusi, usiogope kwanza. Mashine zenye DDR5 zinaweza kukaa dakika moja au mbili zikiitambua RAM mpya.

Diski nayo ina malalamiko yake yasiyo ya haki. Mtu amenunua GB 512, Windows inaonyesha 476, anarudi dukani kugomba. Hajaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. GB 256 huonekana 238 kwa sababu hiyo hiyo. Ikionyesha 119, hapo umeuziwa ya 128.

Kioo, betri na baridi ya huku

Kwa kioo, maneno "inchi 14 HD" yana maana ya nukta 1366 kwa 768. FHD ni 1920 kwa 1080, karibu mara mbili ya nukta. Ofisi nyingi za ng'ambo zilinunua T480 za kioo cha chini kabisa ili kubana bajeti, na hizo ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutupwa. Kwa mhasibu wa AMCOS ya kahawa kule Mbozi anayeangalia safu nyingi za Excel, kioo cha HD ni mateso ya kila siku. Kwa studio ya picha, tafuta maandishi ya rangi: kioo cha asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha wigo wa rangi) kitakudanganya, kadi ya mwaliko uliyoiona nyekundu mezani itatoka nyingine kabisa kwenye printa. Mwangaza wa niti 250 unatosha ndani ya nyumba, ila barazani mchana utaona uso wako tu.

Betri haisomwi kwa saa zilizotangazwa. Soma Wh. Kama imeandikwa mAh, zidisha kwa volti: mAh 3,600 mara volti 11.4 ni Wh 41. Kazi ya kawaida ya kuandika na mtandao kwenye mashine ya i5 hula wati 8 hivi, kwa hiyo Wh 41 ni kama saa 5, zikiwa bado mpya. Saa 10 za tangazo hupimwa kwa kucheza video, mwanga ukiwa umepunguzwa.

Kwa iliyotumika, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Linganisha uwezo wa kiwandani (Design capacity) na uwezo wa sasa ukijaa (Full charge capacity). Kama wa kiwandani ni mWh 41,040 na wa sasa ni 28,700, imebaki asilimia 70. Hiyo bado inafaa. Chini ya 50, weka bei ya betri mpya kwenye mazungumzo. Namba mbili zikilingana kabisa kwenye mashine ya miaka sita, ujue betri imebadilishwa, au chipu yake imewekwa upya ili idanganye: iache ifanye kazi dakika 20 bila chaja na uone asilimia ngapi zimeondoka. Zikiondoka 15, jumla utapata kama saa mbili na robo.

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe juu zaidi. Hewa ya mita 1,700 ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo feni inasukuma hewa pungufu kwa mzunguko ule ule. Baridi yetu inafidia sehemu kubwa, lakini mashine iliyoziba vumbi itapiga kelele mapema. Kusafisha feni na kubadilisha krimu ya joto inayopakwa juu ya prosesa kwenye mashine ya mtumba si anasa. Kifurushi kilichosafiri usiku kwenye buti la basi mwezi Julai kisiwashwe mara kinapofika: kiache ndani ya boksi saa moja au mbili, la sivyo unyevu utageuka matone ndani kikifunguliwa kwenye chumba chenye joto. Betri iliyopoa sana nayo inaweza kukataa chaji kwa muda, na huo si ubovu.

Dakika ishirini kabla ya kulipa

Anza na BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Zima, washa, bonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikiomba nenosiri, rudisha mashine mezani. Nenosiri la msimamizi la ThinkPad haliondoki kwa kuchomoa betri ndogo ya saa. Njia rasmi ni kubadilisha mazabodi. Kisha iunganishe na intaneti ya simu yako ikiwa imewekwa Windows upya. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni ya ng'ambo, bado imesajiliwa kwao na itajifunga tena kila ukiiwekea upya. MacBook ikitaja Activation Lock (kufuli la mwenye mashine wa awali) au usimamizi wa mbali (Remote Management), usisikilize ahadi ya "kijana wangu ataitoa".

Jaribu kila tundu, hasa USB-C. ThinkPad za 2017 hadi 2019, T480 ikiwemo, zilikuwa na hitilafu katika programu ya chipu ya Thunderbolt, inayoendesha tundu la USB-C, ambayo huua USB-C hiyo polepole. Lenovo ilitoa sasisho la kurekebisha. Kama tundu linachaji na kupitisha picha, weka sasisho siku hiyo hiyo. Kwenye laptopu mpya za bei ya chini, USB-C huwa ni ya kuhamisha mafaili tu, haichaji. Malalamiko mengi ya "chaja ya simu yangu haifanyi kazi" yanaanzia hapo.

Soma chaja yenyewe. HP ya pini ya bluu: volti 19.5 na ampea 3.33 ni wati 65, ampea 2.31 ni wati 45. Ukiwa na ya 45 kwenye mashine iliyotaka 65, betri itajaa polepole na prosesa itapunguzwa kasi, kisha utailaumu mashine. Dell isipoitambua chaja itatoa onyo wakati wa kuwaka na haitachaji betri. Chaja zilizokuja na mashine za Uingereza na Dubai zina plagi ya pini tatu kama yetu.

Anayeagiza Kariakoo bila kwenda aombe video moja isiyokatwa: namba ya mfululizo (serial number) iliyo chini ya mashine, kisha msinfo32, kisha ripoti ya betri, kisha kila tundu likichomekwa kitu. Mashine ikifika, linganisha namba hiyo ya mfululizo kabla ya kumalizia malipo, tena mbele ya wakala wa basi.

Kwa bajeti ya mwanafunzi, ningeangalia kwanza Latitude 5420 au EliteBook 840 G8 yenye i5-1135G7, zote zina sloti 2, kisha T480 ya kizazi cha 8 yenye kioo cha FHD. Steshenari ya kuchapa na kutoa kopi haihitaji zaidi ya T480 yenye SSD na GB 8. Studio inayohariri video ndiyo pekee ambayo toleo jipya linailipa kweli, na hapo MacBook Air ya GB 16 au laptopu yenye kadi ya michoro inastahili kusubiriwa kuliko kununua ya GB 8 leo. Ofisi inayonunua mashine mpya za boksi kwa mkupuo iandike kwenye oda namba kamili ya prosesa, aina ya RAM na sloti zake, aina ya diski, kioo na Wh za betri. Ikiandika "HP Core i5, 15 inchi", muuzaji ana haki ya kuleta yoyote kati ya mashine kumi zenye jina hilo.